Waliposema Dishi Linaondoka

Habari ililetwa na dereva wa bodaboda aliyetoka Njia Nne. Aliimwaga barazani kwangu kabla hata hajavua kofia: kampuni yenye lile dishi la intaneti juu ya bati langu inafunga virago, inaondoka nchini. Kaisikia kwa wanunuzi wa ufuta, nao wameisikia Kilwa Masoko, na huko Masoko sijui nani alimwambia nani. Nikamwuliza kama kampuni yenyewe imesema. Akanijibu kampuni huwa hazisemi, zinaondoka tu. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia arudi alikotoka akaulize vizuri.

Kufikia alasiri Kipatimu nzima walikuwa nayo, na wengi hata hawakujali. Huku milimani tumeishi bila intaneti miaka yote, wakasema. Simu za kawaida zipo, ukisimama kwenye mteremko wa misheni unaongea na mtu wako vizuri tu. Kweli, unaongea. Ila mdogo wangu hasikii.

Aliugua homa akiwa na miaka minne, ikaondoka na masikio yake. Wapo wanaomwita bubu, na nimeshagombana nao wengi. Yeye ni kiziwi, na ukitaka kujua kama ana maneno, mtazame saa kumi jioni, anapoacha cherehani na kuegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Upande wa pili, Lindi mjini, anatokea rafiki yake waliyesoma naye shule ya bweni ya viziwi. Basi hapo mikono haitulii, wanasengenya watu, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Kwake simu ni picha, na mtandao wa kawaida huku hauwezi picha. Inaganda mkono ukiwa hewani. Dishi likiondoka, rafiki naye kaondoka.

Nikaamua asijue. Nilijiambia uvumi hupita masikioni, basi angalau mara hii uziwi utamkinga. Nikawa mlinzi wa baraza. Mtu akianza habari za dishi namkatisha, wateja wa kushona nawapokea mwenyewe, na mjomba wetu alipokuja nilimpa shikamoo yake na kabla hajamaliza marahaba nikamwomba tuzungumze mambo ya mihogo tu. Alinitazama sana, lakini alizungumza mihogo.

Siku zilezile mdogo wangu akaanza kunisumbua. Kila saa kumi ananivuta kanga nikae naye mbele ya simu. Nikadhani anataka nimsalimie rafiki yake. Napunga mkono, natabasamu, naondoka zangu jikoni. Ananifuata, nami namwonyesha: kazi. Hiyo ilikuwa moja ya ishara zangu, na zote hazikufika ishirini: kula, maji, njoo, ngoja, mgeni, kazi. Zaidi ya miaka thelathini chini ya bati moja tumeishi kwa hizo. Likitokea jambo kubwa namwandikia kwenye daftari lake la vipimo, tena kwa mkato, kana kwamba wino utakwisha.

Siku ya nne au ya tano akachoka na mimi. Alinifuata jikoni na daftari lile, akaliweka juu ya ungo niliokuwa nachambulia mchele. Alikuwa ameandika, kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule: "Habari ya dishi naijua tangu siku ya kwanza, rafiki yangu aliniambia. Likiondoka, humu ndani nitaongea na nani?"

Nilisoma mara mbili. Niliona aibu, tena aibu kubwa, nikabaki nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Siku zote zile nilihangaika na kampuni, na uvumi, na wambea. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiweka kwenye hesabu kabisa.

Jioni ile nikakaa naye mbele ya simu, nijifunze lugha yao ya alama. Yule rafiki wa Lindi ni mwalimu asiye na huruma. Nikikosea ananirudisha mwanzo, na mdogo wangu pembeni anavikunja vidole vyangu kama anayekunja pindo la nguo. Vidole vimezoea jembe na mchi, havitaki adabu. Walinicheka weee, nami nikawaacha wacheke. Dishi bado lipo juu ya bati. Wengine wanasema kampuni imebadili mawazo, wengine wanasema tungoje mwezi ujao. Siulizi tena.

Baada ya wiki kama sita hivi, tulikuwa uani tunamenya mihogo, wawili tu, simu iko ndani. Akafuta mikono kwenye kanga yake, akaniuliza polepole, kwa alama nilizozijua zote: Mama alikufa kwa ugonjwa gani?

Mama ana miaka tisa kaburini. Mdogo wangu alimuuguza pamoja nami, alilia nasi, alipika siku zote za matanga. Na wakati ule aliniuliza, nakumbuka vizuri, aliniuliza kwa daftari. Nilimwandikia neno moja: "Ugonjwa."

Niliweka kisu chini. Nikaanza kumweleza tangu siku mama aliposhika tumbo kwa mara ya kwanza, na kila vidole viliponishinda, alinisubiri.