Kibali cha Wawili

Wenzake walimbandika jina la Bwana Kanuni, na lilimkaa. Kazi yake ya mshahara ni ukarani katika stoo ya karatasi. Ya kujitolea, na ndiyo anayoringia, ni kulea kurasa za mtandaoni za programu huria ya kutunza alama za wanafunzi: watu wanaitengeneza bila malipo, shule zinaitumia bure. Kurasa hizo wanazishika watu saba kwa nywila moja. Siku moja mmoja wao akajisahau, akatundika humo picha ya viatu vyake vipya. Jamani! Ungedhani kavunja benki. Bwana Kanuni akaandika mwongozo wa kurasa kumi na moja: hakuna neno litakalotoka bila kibali cha wenzake wawili, na likiguswa hata nukta, vibali vinaombwa upya. Tangu hapo kichwa kikamvimba, hashikiki.

Sasa basi, siku ya Jumanne alitangaza toleo jipya kwa mbwembwe zote: "Lipakueni leo!" Jumatano saa tatu asubuhi mafundi wakamwandikia, roho mkononi: toleo lile linafuta alama zote za zamani, waambie watu wasiliweke. Palepale stoo, katikati ya marobota ya karatasi, akaandika mistari miwili, akaituma kwa wenzake.

Mmoja akataka "tafadhali". Ikaongezwa, vibali upya. Wa pili akasema "linafuta" litatisha watu, tuseme "lina changamoto". Upya! Wa tatu akauliza mbona nembo ni ya mwaka jana. Loo, watu wazima na akili zao! Nywila anayo, kidole anacho, si angebonyeza tu? "Utaratibu ni utaratibu," alijiambia, jasho likimtoka.

Katikati ya purukushani hiyo dada yake akapiga simu. Dada huyu ni mwalimu, na alama za wanafunzi mia tatu alizichapa mwenyewe, miezi miwili, humohumo kwenye programu anayoisifu mdogo wake. Kesho yake wazazi wangekuja kuchukua ripoti. Bwana Kanuni akaikata. Dada akapiga tena, naye akaikata tena.

"Dada naye! Haoni nina dharura?" akanung'unika.

Saa tisa na nusu tangazo likatoka, limenyooka, lina "tafadhali" mbili. Akaegemea kiti akijipongeza. Chini ya tangazo jibu la kwanza likaingia:

"Mdogo wangu, nilikupigia mara mbili nikuulize kama niliweke. Hukupokea, nikaamini tangazo lako la jana. Alama zote zimekwenda. Kesho niwaambie nini wazazi?"

Akaandika mbio: "Nisamehe, dada. Kosa ni langu." Kisha, kwa mazoea tu, akaituma kwanza kwa wenzake.

Yule wa "changamoto" akajibu upesi kuliko siku zote: "Badala ya 'dada' weka 'mtumiaji mpendwa'. Na hiyo 'kosa ni langu' iondoe."

Akaiondoa, akaomba vibali upya.