Tulipomnyamazisha Mpangaji wa Mchezo

Tulipiga kura ya kumnyamazisha siku ya Alhamisi, baada ya vipindi, mvua ikinyesha kama inavyonyesha Bukoba, bila haraka na bila dalili ya kuacha. Tulikuwa wasichana kumi wa timu ya mpira wa kikapu, na yeye alikuwa mmoja wetu. Alikaa dawati la mbele, mikono juu ya mapaja. Mwalimu alipouliza nani anaunga mkono, niliinua mkono wangu. Sikuwa wa kwanza, nilikuwa wa tatu. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo.

Kikapu tulikuwa tumefundishwa na sista mmoja Mzungu, kabla serikali haijazichukua shule za misheni. Alituambia kwamba kila timu lazima iwe na mtu mmoja wa kuupandisha mpira, kuwapanga wenzake na kuamua nani apewe. Tulimwita mpangaji. Mpangaji wetu alikuwa binti wa fundi cherehani wa Miembeni, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Alikuwa mfupi kuliko sisi sote. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima wa kahawa na ndizi. Mimi nilitoka Ijumbi, Muleba, na Kiswahili nilikutana nacho shuleni. Nikiogopa au nikikasirika, kilichonitoka kilikuwa Kihaya. Yeye Kiswahili kilikuwa cha kwao, na uwanjani hakukipumzisha hata kidogo. "Kushoto! Rudi! Mtu nyuma yako! Mwache, mwache! Yangu!" Akiita "Yangu!" sote tulijiweka kando, naye akapita katikati yetu kuuchukua mpira.

Sista alipohamishwa, timu ilichukuliwa na mwalimu wa siasa, kijana aliyetoka chuo mwaka ule ule. Sitaki mtu amwone kuwa mbaya. Alikuwa anakuja mazoezini kabla yetu, anafagia maji uwanjani kwa ufagio wake mwenyewe, na mpira wetu mmoja wa ngozi aliulaza chumbani kwake usiharibiwe na unyevu. Lakini tulikuwa tumefungwa mechi moja vibaya sana. Wapinzani waliweka wasichana wawili wa kumbana mpangaji wetu, basi, na sisi wanne tuliobaki tukasimama tukimtazama, hatujui pa kwenda. Mwalimu aliondoka pale amekunja uso, na Alhamisi akatuita.

"Ndugu zangu," alisema, "mtu anayeshika mpira kila mara, anaamuru huyu aende huku na yule aende kule, huyo ni mpangaji au ni nyapara? Juzi walimbana yeye mmoja, mkafa wote watano. Mimi nasema kila atakayepata mpira aupandishe mwenyewe. Na asiwepo wa kuwaita wenzake. Mtajifunza kuonana."

Hadi leo naona maneno yale yalikuwa na uzito. Nimewasikia watu wazima wakibishana jambo hilo hilo kwa nguvu zote: timu inahitaji mpangaji au haihitaji. Lakini mimi sikuinua mkono kwa sababu ya hoja, wala kwa sababu ya ujamaa. Niliinua kwa sababu nilichoka kuambiwa "rudi". Katika misimu miwili sikukumbuka hata mara moja aliponiambia niende mbele.

Baada ya kura aliuliza swali moja tu. "Mwalimu, nikiona mtu yuko nyuma ya mwenzangu, nisiseme?"

"Kila mmoja ataangalia mwenyewe, ndugu."

"Sawa, Mwalimu."

Hakununa. Hilo lilinisumbua kuliko kama angelia. Jioni zilizofuata alinifuata pembeni ya uwanja, akanionyesha jinsi ya kuudunda mpira bila kuutazama. "Wewe utaupata sana, una mikono mirefu," aliniambia. "Usiutazame mpira, shoga. Watazame watu. Mpira hauendi popote, uko mkononi mwako." Akawa anasimama mbele yangu ameinua vidole, nami nataja ni vingapi huku nikidunda. Nilijifunza haraka. Nilipenda ule mlio wa mpira kwenye saruji nikijua ni mimi ninayeutoa.

Mechi ya kwanza ya mtindo mpya tuliicheza Muleba, kwenye shule ya wavulana na wasichana iliyokuwa na uwanja wa udongo. Tulisafiri kwa lori lililokuwa limepeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, tukakaa juu ya magunia matupu, tukiimba nyimbo za kilimo hadi tukakaukwa na koo. Mama yangu alitembea kutoka Ijumbi kuja kutazama, amejifunga kitenge kipya, na ndizi zilizopikwa na maharage kwenye kikapu. Alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Alisimama kwenye mstari na kila nilipogusa mpira alisema "Mawe!", mshangao wetu wa Kihaya, kwa sauti, kama mtu aliyeona nyoka.

Mchezo ulikwenda vizuri. Niseme ukweli, ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Wapinzani walimtafuta mtu wa kumbana wasimpate, maana mpira ulitoka kwa yeyote. Mimi niliupandisha mara nyingi. Nilimwona yeye akikimbia pembeni, mdomo umefungwa, akielekeza kwa macho tu. Uwanja ulikuwa kimya. Zilisikika pumzi zetu na miguu, na sauti ya mama yangu.

Kipindi cha pili mpira uligonga ubao ukaruka juu sana, ukawa unarudi katikati yetu. Niliutazama nikaanza kukimbia. Ndipo niliposikia, upande wangu wa kulia, karibu kabisa:

"Yangu!"

Nilisikia. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimepitisha miaka mingi nikisema vingine. Nilisikia, nikajua ni nani, nikajua yuko wapi. Miguu yangu ilizoea sauti ile, ikataka kusimama. Nikaikatalia. Nilijiambia, hana ruhusa ya kuita tena. Niliruka, nikaushika mpira kwa mikono miwili, nikageuka nao kwa nguvu jinsi tulivyofundishwa ili usinyang'anywe, na kiwiko changu kikaingia kwenye jicho lake.

Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, kama mtu anayeketi mkekani, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Damu ilitoka katikati ya vidole. Mama yangu ndiye aliyefika kwanza, akachana pindo la kitenge chake kipya.

Tulirudi Bukoba kwenye lori lile lile, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu naye. Barabara ilikuwa na mashimo. Kila lori liliporuka alinishika mkono. Mwalimu alikaa mbele yetu juu ya gunia, uso umemshuka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Aliita?"

Nikamjibu, "Hakuita, Mwalimu."

Aliinamisha kichwa. Sasa najua nilimtwika nini kijana yule. Kama hakuita, basi alikuwa ametii amri yake.

Hospitali walimlaza wiki tatu. Jicho la kushoto lilikufa. Kutokana na ule mgongano hakukumbuka chochote cha kipindi cha pili. Alikumbuka mapumziko, tulipokula machungwa, kisha kitanda. Baba yake alikuja shuleni siku moja asubuhi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia, futi yake ya ufundi bado imening'inia shingoni kama aliyeisahau. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akatuacha.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "sikuja kugombana. Mpira ni mpira. Ila binti yangu ananiuliza jambo moja kila siku, nami sikuwepo. Anataka kujua kama aliita au alinyamaza kama alivyoambiwa. Wewe ulikuwa karibu naye."

Nilitazama futi ile. Nilikuwa na nafasi, na mzee alikuwa mpole kiasi kwamba ningemwambia lolote asingenifanya kitu. Labda ndiyo sababu sikuweza.

"Hakuita, baba."

"Ahsante, mwanangu. Nitamwambia."

Akaenda kumwambia. Binti hakurudi shule. Mwalimu aliomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha, akapelekwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa huko Biharamulo kufundisha kisomo cha watu wazima. Sikumwona tena.

Mwaka uliofuata timu yetu haikuwa na mpangaji, na tulishinda. Tulizifunga shule zote za mkoa, tukavuka ziwa kwenda kucheza Mwanza, tukaondoka na ngao. Kwa hiyo swali la Alhamisi ile lilikuwa limejibiwa, na mwalimu alikuwa sahihi. Watano waliojifunza kuonana wanatosha.

Ila mimi nilianza kusikia. Mpira ukiruka juu, kabla sijanyoosha mikono, kulia kwangu palitokea sauti, "Yangu!", nami nilisimama. Wenzangu walidhani ni woga. Mara moja katika mazoezi niliacha mpira udondoke mbele yangu na kujiviringisha hadi kwenye mtaro, nimejiweka kando kabisa kumpisha mtu. Msichana aliyekuwa karibu aliniuliza, "Unampisha nani?" Tulipotoka Mwanza nikarudisha viatu na sare, nikasema nataka kusoma.

Haikuishia uwanjani. Nilipoolewa Nyanga, watoto wa jirani waligombea maembe wakipigiana kelele za "yangu, yangu", nami nikajikuta nimeshika ukuta. Nilikuwa nikikata majani ya migomba mchana kweupe, shambani peke yangu, nikageuka na kisu mkononi kwa sababu mtu alikuwa ameita upande wa kulia. Mume wangu alinipeleka kwa padri. Padri alinisikiliza akaniambia nisali. Sikumwambia kilichokuwa kinaita, nilimwambia tu kwamba nasikia.

Vita na Uganda vilikuja vikapita. Nguo zikawa adimu. Binti yangu mkubwa alipochaguliwa kuingia sekondari, nilipata kitambaa cha sare baada ya kupanga foleni duka la kijiji, na kila mtu niliyemuuliza fundi mzuri alinielekeza Miembeni, kwa mama mwenye jicho moja. Ningeweza kwenda kwingine. Nilikwenda.

Alikuwa kwenye cherehani ya baba yake, barazani. Alikuwa amenenepa, na jicho lililobaki lilinitazama kidogo tu kabla hajatabasamu. "Mikono ile ile mirefu," alisema. Tuliulizana habari za wazazi. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yangu pia. Alichukua kitambaa, akakipima kwa kukivuta, akauliza vipimo vya mtoto. Kisha, huku anaandika kwa chaki, akasema bila kunitazama:

"Mwenzangu, sikulaumu kwa kiwiko. Ila kuna jambo nimeishi nalo. Mimi siwezi kunyamaza, unanijua. Nikiuona mpira ule juu, na wewe unakuja, ninanyamazaje? Baba aliniambia nilinyamaza. Nimejichukia kwa hilo. Nimejiona mtu niliyepoteza jicho kwa kuogopa kusema neno moja."

Nilikuwa nimesimama. Nilikaa kwenye kibao cha wateja.

"Uliita," nikamwambia.

Chaki ilisimama.

"Uliita 'Yangu', kwa nguvu. Nilisikia. Nikaja tu. Na baba yako nilimdanganya."

Watu walipita barabarani, mmoja akamsalimia, naye akaitikia kama kawaida. Alivua miwani yake ya kushonea, akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Kwa nguvu?" aliuliza hatimaye.

"Kwa nguvu."

Alitikisa kichwa taratibu, akavuta pumzi ndefu, na nikaona bega lake likishuka. Halafu uso wake ukabadilika tena, kama vile jambo la pili limemfikia nyuma ya lile la kwanza.

"Baba alikufa akijua nilinyamaza," alisema.

Akakunja kitambaa changu, akakiweka juu ya vingine. "Njoo Jumamosi," akasema. "Sasa nenda, tafadhali."

Jumamosi nilikuta mlango umefungwa, na sare imeachwa kwa jirani muuza chumvi, imeshonwa vizuri, pindo limeachwa refu ili mtoto akikua ifunguliwe. Jirani alisema fundi yuko ndani ila hajisikii kuonana na watu. Nilisimama pale barazani kidogo. Nilisikia cherehani ikizunguka nyuma ya mlango, ikasimama, ikaanza tena. Nikainua mkono ili nibishe hodi, nikaushusha, nikaondoka na sare kwapani kuelekea Nyanga.