Sanduku la Kompyuta Nililolijaza Maji

Sanduku lile nililijaza maji kabla ya kulipeleka Kitale. Nililiweka juu ya matofali mawili nyuma ya nyumba yangu hapa Bungoma, nikamwaga ndoo nzima ndani, nikaketi kando kulitazama kama ng'ombe anayekaribia kuzaa. Halikutoa hata tone. Nikayamwaga maji na kulianika juani kutwa. Ndivyo marehemu mume wangu alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya kwa kila sanduku la bati nililowauzia watoto wanaokwenda shule za bweni. Likiweza kushika maji ndani, mvua haitaingia kutoka nje.

Shida ni kwamba hili halikuwa la nguo. Lilikuwa la kompyuta.

Mjukuu wangu wa kike huchora ramani za nyumba. Aliacha kazi katika ofisi ya watu ili achore kwa jina lake mwenyewe, akapata chumba Kitale, ukuta kwa ukuta na kinu cha posho. Kompyuta yake aliinunua vipande vipande. Alivitandaza mezani kama samaki wa sokoni, feni ikizunguka wazi na unga wa kinu ukiingia kila mahali. Mara mbili mashine ilimzimikia akiwa kazini.

Halafu akapata mteja wake wa kwanza, mwalimu mstaafu anayejenga Bumula. Mwalimu alisema atakuja Jumatatu na mkewe, waone nyumba yao ikichorwa mbele ya macho yao, kwa sababu mchoraji wa kwanza aliwaletea ramani isiyo na choo. Mashine ikizima mbele ya watu kama hao, wanaondoka, na kazi inaondoka nao.

"Kukhu," mjukuu akaniambia, maana ndivyo kwetu nyanya anavyoitwa, "nitengenezee sanduku. Mimi nachora, wewe unakunja."

"Kwani dukani hakuna?"

"Ziko. Lakini nataka ya kubeba kama ile ya shule, niende nayo mpaka kwa mjengo."

Akaniletea bati la alumini na karatasi ya vipimo. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini kipimo nakijua. Kwenye karatasi kulikuwa na mistari ya vitundu vidogo, mingine chini mbele, mingine juu nyuma. Niliviona. Sitasema sikuviona. Niliamua tu kuviacha. Mtu analia unga unamwingilia, halafu anataka matundu? Nikasema hayo ni marembo ya watoto wa siku hizi.

Sasa alumini si bati. Bati ukilikunja linatii. Alumini nililikunja mara ya kwanza likapasuka kama biskuti. Nikakipeleka kile kipande sokoni kwa mzee anayeziba sufuria. Akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Mama, hiyo unaipakaa sabuni kwanza."

"Niioshe?"

"Uipike!"

Kumbe unalisugua kwa sabuni ya mche mahali pa kukunja, kisha unalipitisha motoni polepole. Sabuni ikigeuka nyeusi, unaondoa, maana chuma kimelainika. Ukichelewa kinayeyuka na huna cha kukunja. Mimi na uzee huu wote sikujua hilo, na mzee alihakikisha soko zima limejua kwamba sikujua. Lakini nililifanya. Nikakunja pande zote juu ya kipande changu cha reli, kila mshono nikaukunja mara mbili na kuupiga ribiti. Nikatia bawaba na mkono wa kubebea. Nafasi ya waya niliiacha juu kabisa, chini ya kifuniko. Ndani nikafunga vile vimiguu vya shaba alivyonipa, ili bodi ya kompyuta isiguse alumini, kwa sababu ikigusa umeme unapotea njia na kila kitu kinaungua. Hapo nilimtii, kwa vile alinikazia macho mara mbili.

Jumamosi nikafika Kitale na sanduku, na ndani yake nyundo na tupa. Fundi hatembei mikono mitupu.

Mjukuu akalifungua. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Kukhu, matundu iko wapi?"

"Sanduku langu halitobolewi."

"Lakini si nilichora!"

"Ulichora. Mimi nikafikiri."

Akaingiza pua ndani. "Na hii harufu ya matope?"

"Nililijaza maji kuona kama linavuja."

Akaketi kitandani. "Maji. Ndani ya sanduku ya kompyuta."

"Lilikauka."

"Kukhu, bana!"

Hata hivyo alifunga vipande vyake vyote, akawasha, akafunga kifuniko. Mimi nilikaa nimekunja mikono, nikingoja kuombwa msamaha. Tulipiga chai kikombe kimoja na nusu. Kioo kikawa cheusi ti! Nikaweka kiganja juu ya kifuniko nikakiondoa upesi kuliko juu ya karai la chapati.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Zile jiko za makaa ulikuwa unauza, mbona ulikuwa unaacha mlango huko chini?"

"Hewa iingie."

"Na hewa moto inatokea wapi?"

"Juu."

Akanitazama. Nami nikatazama kwingine. Si vizuri mtu kuulizwa kazi yake mwenyewe na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfunga nepi.

Jumapili baada ya kanisa tuliondoa kila kitu tena, tukakilaza kitandani na kukifunika leso, kwa sababu chembe moja ya alumini ikianguka kwenye bodi ni hasara. Nikageuza sanduku juu ya gogo la jirani muuza mkaa, nikashika msumari mnene. Tundu la kwanza nililipiga nimefumba jicho moja. Miaka yote hiyo naziba, leo natoboa! La pili likaumiza kidogo, la kumi nikawa nimezoea. Yeye alipima kwa rula na kutia alama, mimi nilipiga.

"Hiyo imeenda kando."

"Shika rula vizuri. Mkono wako ndio umeenda kando."

"Kukhu, mimi ndio nachora nyumba za watu."

"Basi Mungu awasaidie watu."

Tulicheka mpaka mwenye kinu akachungulia dirishani, akauliza kama tunatengeneza kikunio cha karoti. Nikamwambia unga wake ndio umetufikisha hapo, akarudi ndani. Nilisugua kila tundu kwa tupa, lisikwaruze wala kuacha kibanzi. Kisha nikauliza swali langu la tangu mwanzo, "Na unga je?"

Mjukuu akakuna kichwa kwa rula, nami sikuficha furaha yangu. Nikakata chandarua kuukuu, tukakigandisha kwa ndani nyuma ya matundu ya chini, tabaka mbili. Hewa inapita, unga unabaki mlangoni. Tukapangusa, tukafunga, tukawasha. Jioni nzima mashine haikuzima. Kifuniko kilikuwa na joto la uji uliopoa.

Jumatatu mwalimu na mkewe wakaja. Mjukuu akafungua ramani ya nyumba yao, akaanza kusogeza kuta. Mimi nilikaa pembeni, macho kwenye sanduku, nikiomba.

"Jikoni iangalie barabara," mke akasema. "Nione nani anakuja."

"Jikoni ni ya kupika, si ya kuchungulia," mwalimu akasema.

"Kwani utapika wewe?"

Jikoni ikageuzwa, ikarudishwa, ikageuzwa tena. Waligombana kuhusu veranda. Walikubaliana kuhusu choo, wakataka viwili. Kila mara mwalimu alipobadili neno, feni ilinguruma, na mimi nikaomba upya. Kinu nacho kilikuwa kinasaga kwa fujo. Mashine haikukohoa. Mwishowe mwalimu akavua miwani.

"Binti, wewe anza tu. Ramani ni yako."

Walipotoka, mjukuu alifunga mlango, akaruka kama mtoto, kisha akavuta kiti na kushika kazi papo hapo. Nikasogeza kigoda changu karibu nione ile jikoni inayoangalia barabara. Akaniambia bila kugeuka, "Kukhu, hama kidogo. Umekaa mbele ya matundu, unazuia hewa."

Nikahama.