Chunjua ya Ulimini na Mtani Mwenye Haraka

Ilianza kama punje ya mchele pembeni mwa ulimi, upande wa kushoto. Nilidhani pini imenichoma, maana kazi yangu pale Manzese ilikuwa nguo za mitumba, na mie nilikuwaga na tabia ya kubana pini mdomoni huku nampimisha mteja suruali. Wiki ya pili punje ipo palepale. Nikachukua njiti ya kiberiti na kioo cha kunyolea, nikaipima. Jioni nikapima tena. Haikushuka hata kidogo, na mie sipatani na kitu kisichoshuka.

Mama watoto akanisukuma hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia huku tayari kaushika ulimi wangu kwa kitambaa cha dawa, anaugeuza kama mteja anayetafuta tobo. Alipouachia akauliza kama navuta sigara.

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo ngapi?"

"Nne kwa siku."

Akaninyamazia. Nikakijua kile kimya. Ndicho ninachokitumia mwenyewe kwa wateja.

"Kumi," nikasema.

Akanieleza polepole. Inaelekea ni chunjua, na chunjua huletwa na kirusi, hata zile za vidoleni. Virusi vya ukoo huo viko vingi, na vingine hukaa mdomoni. Vingi havina neno, ila baadhi vinashukiwa kuigeuza nyama ikawa saratani, miaka mingi baadaye. Wataalamu walikuwa bado wanalichunguza hilo. Kwa hiyo ile punje inakatwa, inapelekwa maabara, majibu wiki mbili. Huenda ni saratani, huenda siyo.

Mie "huenda" nikaichukua kama bei ya kufungulia.

"Tukate nusu kwanza, daktari, tuone."

"Na nusu nyingine tumwachie nani?"

Akakata yote.

Kosa langu ni kumwambia mtani. Yeye Mnyamwezi, anauza viatu meza ya jirani, mie Mzaramo. Kwa utani wa makabila yetu, siku nikifa ana ruhusa ya kunitukana mbele ya maiti yangu, na ndugu zangu wasinune. Yeye akaona asisubiri.

Kesho yake akaja na futi ya fundi cherehani. "Hebu lala hapo juu ya robota."

"Ya nini?"

"Sanda. Ulivyo mfupi, pazia la dirisha linatosha, lakini lazima tupime."

Akanipima kweli, mara mbili, akisema anafuata utaratibu wangu. Kisha akawageukia wateja: "Muungeni mkono jamani, huyu kabakiza wiki mbili." Niseme ukweli, suruali ziliondoka zaidi kuliko siku za kuelekea Idi.

Nyumbani ndiko hakukuwa na utani. Miaka ile ukitaja kirusi, watu waliwaza ugonjwa mmoja tu, na mama watoto naye ni mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kirusi umekitoa wapi?"

"Daktari kasema hata vidoleni kinakaa."

"Na hivyo vidole vimepita wapi?"

Nikamwambia twende wote siku ya majibu akamuulize daktari mwenyewe. Akakubali upesi mno.

Siku ilipofika tulikuwa watatu kwenye benchi, maana mtani naye alikuja bila kuitwa. Alisema anafuatilia maslahi yake. Nikahesabu meno yangu kwa ulimi, nikapata ishirini na tisa. Nikarudia, nikapata ishirini na nane. Nikaacha.

Tulipoitwa, mtani akabaki amesimama mlangoni. Daktari akafungua karatasi. "Ni chunjua. Saratani hakuna."

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena. Mama watoto akauliza swali lake, vidole na yote. Daktari akamjibu kwamba hiki sicho kile anachokiwaza, watu wengi wanacho bila kujua, na hakuna awezaye kusema mtu alikipata lini wala wapi. Mama watoto akanitazama kama aliyerudishiwa chenji pungufu lakini duka liko mbali.

"Sigara acha," daktari akaniambia. "Na urudi baada ya miezi sita nikuangalie, maana huwa zinaota tena."

Nikaingia kwenye bei.

"Sita ni mingi. Tufanye minne."

Akavua miwani. "Wenzio huwa wananiomba mwaka."

"Minne, daktari."

"Haya, mitano."

Mtani akakohoa kule mlangoni.

"Mwandikie mitatu," akasema, na hakuwa anacheka. "Mie ndiye nitakayemleta."

Daktari akaandika mitatu.