Aya Moja Niliyomnyima Dada wa Steshenari

Simu ya Jumanne asubuhi ilinikuta nachemsha chai. Mdogo wake yule dada wa steshenari aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, kwamba dada yake amefariki Mikumi baada ya kuumwa kichwa siku tatu, na kwamba wanamleta Kilosa kuzika. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Wasomaji wangu wa Magomeni ya hapa Kilosa mnamfahamu. Ninyi wa mbali niwaeleze kwamba alikuwa na duka la steshenari hapa mjini, na mauti yamemkuta mwaka wa mwisho wa digrii ya usalama wa mtandao, akiwa na umri ambao wenzake wanapanga kuoza mabinti.

Soko huria lilituletea simu za kila kampuni, vyuo binafsi na maduka ya kutoa kopi kila kona, lakini halikutufundisha desturi mpya ya kutunza siri. Mambo yote yalipohamia mtandaoni, maombi ya chuo, ya mkopo, ya ajira, sisi tulijua njia moja tu, kwenda kwake. Alitufungulia akaunti, na kwa kuwa tu wasahaulifu, tukamwachia na nywila zetu. Aliziandika kwenye daftari la jalada jeusi. Mama wa kijiji chetu cha Ulaya akija mjini siku ya gulio kufuatilia maombi ya mwanawe, daftari lilifunguliwa, kazi ikaisha. Nywila ya barua pepe yangu, mimi ninayejifanya mjanja, ilikuwa ukurasa wa pili. Kumficha siri mtu anayekuamkia kila asubuhi tuliona ni kumvunjia heshima.

Adhuhuri moja alikwenda kuswali, akaacha duka wazi majirani wakimwangalizia, kama tufanyavyo wote. Mtu akafungua daftari, na hadi leo hatumjui. Binti mmoja wa Rudewa aliyeomba kusomea uuguzi alikuta maombi yake yamebadilishwa na dirisha la kuomba limefungwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Baba yake alikuja dukani kusema kwamba hana kinyongo, ni mipango ya Mungu. Mwenye duka alinisimulia hayo huku akifuta macho, akasema hawezi kumsingizia Mungu kosa la daftari lake. Mwaka huohuo akaomba chuo.

Aliporudi likizo ya kwanza alitupigia simu mmoja mmoja, tuje tubadilishe nywila kwa mikono yetu, kisha akalichoma daftari nyuma ya duka. Badala ya kushukuru tulinuna. Watu walisema elimu imempandisha mabega. Mimi nilikwenda kumwuliza kama siku hizi sisi tumekuwa wezi.

"Hapana, kaka," alinijibu. "Asiyefaa kuaminiwa ni mimi. Nilishaaminiwa, na mtoto wa watu akakosa chuo."

Niliondoka bila kuaga. Wateja nao wakahamia duka la pili, ambako daftari jipya lilikuwa limeshafunguliwa. Ilibidi ahamie Mikumi, kwenye chumba kidogo kando ya barabara kuu, akiwatolea kopi madereva wa malori na wafanyakazi wa hoteli huku kitabu kikiwa wazi mezani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye hakutuchelea. Ila katika kisa hiki aliyelia ni yeye, na hilo linanikera hadi leo.

Mwaka wa mwisho alibakiwa na utafiti wake tu. Alitaka kujua kwa nini watu wa Kilosa humpa mtu mwingine siri zao za mtandao, na alihitaji watu wa kuwahoji. Wakamkatalia, kila mmoja akikumbuka alivyorudishiwa siri yake. Basi akanijia nyumbani, akaniamkia, nikaitikia marahaba nusunusu. Aliniomba niandike aya moja katika safu hii, niwasihi watu wampokee. Nikamwambia nitaona. Juma lililofuata niliandika kuhusu vitunguu, jingine kuhusu mbwa wazururaji, na jingine sikumbuki. Muhula ukaisha bila mahojiano, akalazimika kuahirisha. Alinikumbusha mara moja tu, kwa ujumbe mfupi wenye adabu zote, nami sikuujibu. Nilikuwa na hasira ya kitoto, wasomaji wangu, na nilikuwa nayo nikiwa na mvi.

Pale msibani mama mmoja aliyewahi kumfungia mlango aliniambia kwamba lau angekuja tena, angemweleza yote. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Watu wa kuhojiwa walikuwa wamejaa mkekani, na mwenye maswali tulikuwa tumetoka kumfukia. Nimejifunza kwamba jambo dogo unaloombwa linaweza kuwa ndilo lililobaki katika maisha ya mwenzako, na kununa hakukupi muda wa ziada wa kulitimiza. Aya yako hii hapa, dada yangu.

Ndugu zangu wa Kilosa, atawapitia dada mmoja mwanafunzi mwenye daftari na kalamu. Mkaribisheni, mpeni kiti, mjibuni kwa ukweli. Hana dharau na mtu. Anaogopa tu tusije tukaumia tena, na anahitaji majibu yenu ili amalize masomo.