Ombi la Renate Katika Kundi la Maombi

Nafula hakujua kutulia. Hata kanisani, kwenye ibada ya Ijumaa kule ughaibuni, mtaani Abu Hamour, mara alipanga viti, mara alichungulia simu. Akisikia shida ya mtu, lazima aifikishe mbele. Ndiyo maana mgeni Mjerumani aitwaye Renate alipomwambia, wakati Nafula akimtandikia kitanda katika hoteli aliyofanyia kazi, Lusail, kwamba ana saratani, Nafula aliandika jina na ugonjwa wake kwenye kundi la maombi la WhatsApp kabla hajamaliza mito. Ulimi hauna mfupa, na kidole chake pia hakikuwa nao.

Kesho yake mhudumu wa chai, Mkenya mwenzake Nafula katika kundi lile, alimpa Renate pole na kumwahidi maombi. Renate akaweka kikombe chini, akaenda kwa meneja.

Hoteli ile huwauzia Wajerumani vyumba wakiwa kwao, kwa lugha yao, na meneja alijua sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu inaweza kumfuata hadi huku jangwani. Akamwambia Nafula ujumbe ufutwe kila ulikofika kabla ya jioni, la sivyo ajiandae kurudi kwao Bungoma.

Nafula alikwenda kuomba radhi. Renate hakufoka. Alimweleza kwamba utotoni mwake, Ujerumani Mashariki, jirani mpole ndiye aliyepeleka siri za mama yake serikalini, na sheria hiyo imetokana na machungu kama hayo.

"Kuniombea sikukatazi," alisema. "Ungeniuliza tu."

Nafula akaanza kupiga simu, akipanda na kushuka ngazi za wafanyakazi, hofu imemjaa. Ujumbe ulikuwa umefika mtaa wa Al Thumama, Nairobi, hadi kwa mama yake, ambaye tayari alikuwa amefunga kwa ajili ya Renate. Watu walifuta wakinung'unika. Augustine, kiongozi wa kundi, alimwuliza tangu lini maombi yakahitaji ruhusa.

Akapekua ujumbe wa zamani, asije akaacha kitu. Akakuta jina lake. "Tumwombee dada Nafula, mimba imetoka tena." Ulikuwa umeandikwa na Proscovia, mtu pekee ambaye Nafula alikuwa amemwambia. Nafula akakumbuka mama mkwe alivyopiga simu kumlaumu kabla yeye mwenyewe hajapata nguvu ya kumweleza mumewe. Chini ya ujumbe zilijipanga amina nyingi, mojawapo ikiwa ya Nafula mwenyewe. Ilimwuma sasa kuliko siku ile.

Jioni meneja aliridhika, akamwambia arudi kazini. Augustine naye akaandika kwenye kundi, "Dada, sasa tumemaliza?"

Nafula akaketi ngazini.

"Bado," akajibu. "Futeni na jina langu."