Kambi Bila Uzio

Aliyepanga mtihani wa kidato cha nne ufanyike Novemba, huyo mtu hajawahi kuokota korosho. Huku kwetu Nachingwea mwezi huo mabibo yanaanguka na korosho zake usiku na mchana, na kila mwenye mikono miwili yuko shambani. Sisi tulikuwa ndani tunakariri sehemu za ua.

Shule yetu ilikuwa ya kata, ndogo, njia ya kwenda Lionja. Madarasa manne, ofisi moja, na choo ambacho ukiingia lazima usali kwanza. Watu wa bara wanatuita watu wa pwani kwa sababu tuko mkoa wa Lindi. Bahari yenyewe mimi nimekuja kuiona nina ndevu, na nikaionja nihakikishe kama kweli ina chumvi. Uzio shule haikuwa nao. Mbuzi waliingia darasani wakati wa kipindi na wengine walikuwa na mahudhurio mazuri kunishinda. Kwa hiyo tulipoambiwa kidato cha nne wote tunaingia kambi mpaka mtihani uishe, nilicheka. Kambi gani haina hata ukuta?

Wazazi walichanga unga na maharage. Sisi tulikuja na mikeka, wavulana tukalala darasa moja, wasichana lingine. Simu zikakusanywa kwenye ndoo, ndoo ikafungiwa ofisini. Mkuu wa shule akasimama mbele yetu akasema, "Nyumbani mngeokota korosho. Hapa mtaokota alama." Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mjinga mimi, maana nyumbani kwetu tulikuwa watu wawili tu, mama na mimi. Baba alikuwa Ruangwa kwa mke mwingine, alitukumbuka kama watu wanavyokumbuka sikukuu.

Mkeka wangu ulikuwa jirani na wa mtoto wa wafugaji. Kwao walikuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, wakahamia upande wa Marambo, na ng'ombe wao walikuwa wanapita kwenye mikorosho yetu kana kwamba wamealikwa. Jioni upepo ukileta harufu ya mabibo dirishani, namwanza.

"Ng'ombe wenu saa hizi wako kwa mama yangu."

"Wanakula mabibo tu. Korosho hawana habari nayo."

"Na korosho inabaki wapi? Hewani?"

"Inatoka kesho yake. Nenda na ndoo."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Ila nikilala nilikuwa naziona zile korosho zinaanguka, pu, pu, pu, na hakuna wa kuziinua.

Jumapili moja mama akaja kuleta unga. Nikamkuta ameshakaa barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unasoma?"

"Nasoma. Korosho vipi?"

"Zipo. Zinaokotwa."

"Nani anaziokota?"

"Watu."

"Watu gani, mama?"

"Wewe umekuja huku kusoma au kuhesabu watu?"

Akaninyooshea mfuko wa unga, na hapo ndipo nikaona mikono yake. Msimu wa korosho mikono ya watu wa kwetu inajulikana. Utomvu unaingia kwenye vidole na kucha, unakuwa mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Mabibi harusi wa Novemba wanapaka hina nyingi, na sababu tunaijua. Mikono ya mama ilikuwa safi. Safi kama ya mwalimu.

Aliponyanyuka alishika ukuta. Chini ya kitenge mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa, na umevimba.

"Mguu umefanya nini?"

"Umechoka. Soma."

Akaondoka anachechemea, akijitahidi nisione anachechemea. Mimi hesabu zilinishinda tangu darasa la tatu, lakini hiyo niliipata palepale: kama mama haokoti na mimi siokoti, wanaookota ni ng'ombe. Na korosho ndiyo ilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima, hatukuwa na kingine.

Nikakimbilia ofisini. "Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani."

Mkuu wa shule hakuinua hata kichwa. "Mama yako ametoka hapa sasa hivi. Amesema ukija kuomba ruhusa nikukatalie."

"Mwalimu, mguu wake..."

"Amesema pia utaniletea habari za mguu."

Basi nikaamua kutoroka. Haina uzio, si ndiyo? Kesho yake mchana kweupe nikapita kisimani, mama mmoja na ndoo yake kichwani: "We! Kambi imevunjwa?" Nikafika kijiweni kwa bodaboda, kijana akazima pikipiki kabisa. "Sikubebi, mdogo wangu. Mama yako kanipitia jana, kanikataza." Mzee wa duka akatoka nje, akanishika shati mgongoni, akanirudisha shule kama mbuzi aliyekula mahindi ya watu. Njia nzima watoto wanaimba. Nikajua kumbe uzio upo, una macho, na mama alishauzungukia nyumba kwa nyumba na ule mguu wake mbovu.

Mtihani ukaanza. Askari na bunduki mlangoni, kana kwamba kuna mtu atakuja kuiba majibu yangu. Karatasi za mwanzo nikazifanya. Niliandika jina langu vizuri sana.

Jumamosi yule mwenzangu wa mkekani akaniambia kwa sauti ya chini, bila utani safari hii, "Pita njia ya ng'ombe, ile ya korongoni. Huko hakuna mtu wa kukuuliza. Ila Jumatatu asubuhi uwe hapa, ni Baiolojia."

Nikapita. Chini ya mikorosho yetu nilikanyaga korosho kama kokoto, mabibo yameoza, nzi wanasherehekea. Mama alikuwa kwenye mkeka mlangoni. Kisiki kilikuwa kimemchoma mguu, na mguu sasa ulikuwa unang'aa kwa uvimbe. Akavua kandambili akanirushia.

"Rudi!"

"Nitarudi Jumatatu."

"Rudi sasa hivi, nimekwambia!"

Akarusha na ya pili. Ikanipata sikioni. Nikaziokota zote mbili, nikamwekea pembeni, nikachukua ungo nikaenda shambani. Siku mbili niliokota bila kunyoosha mgongo. Korosho nikazianika uwanja mzima, mpaka kuku wakakosa pa kupita.

Jumatatu nikaamka mapema, nikavaa sare, kalamu mfukoni. Nikatazama upande wa Ruangwa: wingu jeusi, linakuja. Korosho iliyoanikwa ikilowa inageuka nyeusi, na ghalani tunakouzia wanairudisha na wewe mwenyewe.

"Nenda," mama akasema. "Nitaziingiza mimi."

Nikaondoka. Kwenye kona nikageuka, ujinga wangu huo wa kugeuka. Mama alikuwa anajivuta kwa makalio katikati ya uwanja, anazoa korosho kwa mikono, anaweka kwenye kitenge, anavuta kitenge, anajivuta tena.

Nikarudi. Tukazoa wote mpaka ya mwisho ikaingia ndani.

Mvua yenyewe ilinyesha Likunja. Kwetu halikudondoka tone.

Nilikimbia mpaka shule, sare imejaa utomvu. Msimamizi akatazama saa, akatingisha kichwa. Muda wa kuchelewa ulikuwa umepita. Nikasimama nje ya dirisha na askari na bunduki yake. Ndani mwenzangu aliniona. Akainamisha kichwa, akaendelea kuandika.

"Nenda kapumzike, kesho ndiyo nyingine," mkuu wa shule akaniambia taratibu, jambo ambalo lilinitisha kuliko fimbo. Lakini niliporudi nyumbani mama alikuwa anatetemeka kwa homa na hasemi vizuri. Safari hii bodaboda hakukataa. Tulimweka mama katikati, mimi nyuma nimemshika, mpaka hospitali ya misheni. Akalazwa. Hakukuwa na mwingine wa kumpikia uji wala kumgeuza, na kesho ya mkuu wa shule ikapita, na keshokutwa yake.

Siku homa iliposhuka, muuguzi mmoja mwenye maneno mengi alikuja kumfunga kidonda, akamuuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja," mama akasema. "Wa kiume. Yuko kwenye mtihani wa kidato cha nne."

"Hongera mama. Na huyu je?"

Mimi nimesimama hapo na bakuli la uji, vidole vyeusi, bado nimevaa suruali ya shule. Mama akanitazama mara moja, akageukia ukuta.

"Huyu wa jirani. Ananisaidia."

"Una moyo, kaka," muuguzi akaniambia.

"Asante, dada," nikasema. Nikapoza uji, nikamlisha mama, na mpaka anaruhusiwa nilibaki kuwa wa jirani.